Usiguse hela ya mwenye mizani

Mkuu, umeuliza kama uchukue mkopo wa mnunuzi wa makopo. Acha. Hiyo 150,000 na guta la kubebea mzigo anavyokuahidi ili uanze kuokota makopo dampo la Pugu Kinyamwezi, Dar, usipokee hata shilingi.

Mimi nilipokea. Sharti lilikuwa dogo tu: kila nitakachookota nimpelekee yeye mpaka deni liishe. Haliishi! Chupa za maji kwake zilikuwa 300 kwa kilo, ng'ambo ya barabara wanachukua 450. Hiyo 150 ndiyo riba, ila hutaisikia ikiitwa riba. Bado makato: zimelowa, zina vifuniko, zina mchanga. Na mizani ni yake. Chupa za nusu lita, kilo moja inakula zaidi ya 50, sasa piga hesabu mizani ikimeza kilo mbili umeinamia jalala mara ngapi bure. Mtoto akiugua, unakimbilia kwa nani? Kwake. Anakuongezea 20,000, na pole juu. Nilimtolea mahari kila wiki na mke sikupewa.

Aliyeniingiza ni jamaa wa kijiweni, mshauri wa ujasiriamali wa kujipachika. "Takataka ni dhahabu, broo." Kumbe analipwa cha juu kwa kila kichwa anachopeleka. Hata kiroba hajawahi kubeba, mikono laini kama ya bwana harusi.

Anza na kiroba na miguu yako. Uza kwa pesa mkononi, kwa yeyote mwenye bei nzuri siku hiyo. Nenda na dumu la lita 20 limejaa maji, lipandishe kwenye mizani yake. Ikisoma chini ya kilo 20, beba mzigo wako uondoke. Vifuniko vitoe mwenyewe, ni plastiki ya aina nyingine, asipate sababu ya kukata.

Shida za ghafla? Kina mama wa dampo wana kibati, mchango wa kupokezana kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nililipa deni lote kwa mkupuo, yule mnunuzi akanuna. Siku hizi tunachanga mzigo watu kadhaa, tunakodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, tunapeleka moja kwa moja kwa wenye mashine za kusaga plastiki.

Uliuliza pia glavu, waya za shaba, na nini tena... pa kulala. Glavu vaa, buti vaa, chanjo ya pepopunda kachome. Mengine wadau watakujibu.

Hela ushapokea au bado? Kama ushapokea, taja imebaki ngapi.