Paja lililogongwa halichuliwi

SWALI: Daktari, siku tano zilizopita nilipigwa goti pajani, upande wa mbele, kwenye ndondo. Jioni ile ile anayewachua wachezaji wetu alinikanda kwa maji ya moto na dawa ya kuchua. Alisema damu imeganda, lazima ivunjwe. Amerudia mara tatu. Sasa paja ni gumu kama ubao na goti halikunjiki vizuri. Niendelee kuvumilia? – Msomaji, Temeke

JIBU: Usivumilie. Paja hilo lisiguswe tena na mchuaji.

Hiyo “damu imeganda, lazima ivunjwe” inaharibu mapaja ya vijana kila msimu wa ndondo. Goti la mwenzako liliubamiza msuli kwenye mfupa, nyuzi zikachanika na mishipa midogo ikapasuka. Damu kuganda hapo ndiyo tiba ya kwanza ya mwili, maana ndiyo inayoziba matundu. Anayekuja na vidole gumba jioni ile ile anazibua kilichozibwa, na maji ya moto yanatanua mishipa ivuje zaidi. Nafuu unayoipata kwa saa mbili tatu ni ya joto na menthol, ile dawa yenye ubaridi iliyomo kwenye dawa ya kuchua, kupumbaza maumivu. Asubuhi paja limejaa kuliko jana.

Kuna baya zaidi. Msuli uliovilia damu ukisumbuliwa mara kwa mara, mwili unaweza kuanza kuotesha mfupa ndani ya nyama. Eksirei ya wiki ya kwanza haionyeshi kitu. Mara nyingi mfupa huo huonekana kuanzia wiki ya tatu au ya nne. Mchuaji akiupapasa anauita fundo, anaongeza nguvu, na kila akiongeza anauchochea. Kupona huko huhesabiwa kwa miezi.

Jipime leo. Lala kifudifudi, kunja goti polepole bila kusaidiwa na mtu. Likipita nyuzi 90, yaani unyayo ukaelekea dari na kuendelea kuja upande wa makalio, jeraha ni dogo. Likiishia kati ya 45 na 90 ni la wastani. Chini ya 45, nenda hospitali upigwe ultrasaundi, na utembelee magongo. Lakini paja likizidi kukaza na kuuma hata ukiwa umetulia, au mguu ukifa ganzi, usisubiri kesho: presha ndani ya msuli inaweza kuua nyama, na hiyo ni dharura ya upasuaji.

Kama hakuna dalili hizo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa chenye maji, dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia juu ya goti kupanda. Vidole vikichonyota, legeza. Kunja na kunyoosha goti mwenyewe mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, ukiishia pale maumivu yanapoanza. Asikusukume mtu kisigino kifike makalioni.

Kuchua kuna wakati wake: uvimbe umekwisha, na goti linakunjika sawa na la pili. Hapo ni mafuta na kiganja kilicholegea, kutoka gotini kuelekea kwenye kinena, dakika tano tu. Kesho yake goti likikunjika pungufu ya jana, ni mapema, acha. Machozi ya mgonjwa si kipimo cha kazi nzuri, ingawa wachuaji wengi hujisifia hayo.

Kosa hili haliishii pajani. Kifundo cha mguu kilichoteguka jana hukandwa mpaka ufa wa mfupa unatengana. Kinachonitisha zaidi ni kigimbi kinachouma mguu mmoja kwa mama aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au aliyekaa kwenye basi siku nzima. Huenda ni bonge la damu kwenye mshipa wa ndani, na likisukumwa linaweza kukimbilia kwenye mapafu. Chukua tepu ya fundi cherehani, shuka sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini ya goti, zungushia miguu yote miwili. Ukizidi mmoja kwa zaidi ya sentimita 3, weka chupa ya mafuta chini, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Hata vipimo vikilingana, mguu wenye joto au maumivu yasiyoeleweka kwa watu hao uonwe na daktari kabla haujaguswa.