Re: Santuri ya soul ya miaka ya 60, halisi au bandia?
Mkuu, kujua kama santuri yako ya Marekani ni halisi, usianze na lebo (karatasi ya katikati), huigwa kirahisi. Iinamishe kwenye mwanga usome namba zilizochorwa pale wimbo unapoishia. Santuri zilizotoka kiwanda cha Monarch, Los Angeles, huwa na pembetatu ndogo yenye namba pembeni. Bandia nyingi hazina. Kisha igonge taratibu kwa kucha: stairini (plastiki ngumu) hulia kavu, vinaili (plastiki laini zaidi) hutoa sauti nzito. Kama toleo la kwanza lilikuwa la stairini tu na unayouziwa ni vinaili, usilipe hata senti.

Stairini usiisafishe kwa spiriti, inaweza kuharibika. Maji yasiyo na chumvi na tone la sabuni ya vyombo yanatosha. Sindano butu ya gramafoni nayo huila upesi, hasa ukiizungusha santuri kinyume kwa mkono kama madijei.