Muulize Babu wa Santuri: Nishani iliyorudi kwa Malkia

SWALI: Babu, shikamoo. Nimebishana na mjomba kuhusu John Lennon, yule mwanamuziki wa kundi la Beatles la Uingereza. Yeye anasema yule alikuwa mtu wa maigizo tu, kulala kitandani hotelini wiki nzima halafu akaita hiyo ni kazi ya amani. Mimi niliwahi kusikia kwamba aliirudisha nishani ya Malkia wa Uingereza kwa sababu ya vita vya Afrika. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nishani ilirudi kweli. Ilikuwa ile ya heshima iitwayo MBE, waliyopewa Beatles wote wanne mwaka 1965. Tarehe 25 Novemba 1969 Lennon aliipeleka kasri la Buckingham pamoja na barua fupi yenye malalamiko matatu. La kwanza, mkono wa Uingereza katika vita vya Nigeria na Biafra, eneo lililokuwa limejitenga na nchi hiyo. London ilikuwa ikiiuzia serikali ya Nigeria silaha, huku picha za watoto wa Biafra waliokonda kwa njaa zikiwa zimezagaa magazetini. La pili, Uingereza kuiunga mkono Marekani huko Vietnam. La tatu (hapo mjomba wako atacheka mpaka ashike mbavu) ni kwamba wimbo wake, "Cold Turkey", ulikuwa unashuka kwenye chati.

Barua ni hiyo hiyo moja. Miaka mingi mimi nilimchukia kwa mstari ule wa tatu, nikiona amewatania waliokufa. Siku hizi namsoma tofauti kidogo: yule bwana hakuweza kumaliza neno zito bila kulitia chumvi ya mzaha, hata likiwa lake mwenyewe. Gharama yake ni kwamba watu waliushika mzaha, Biafra wakaisahau. Nadhani ndiyo maana wengi hawajui kwamba ilikuwamo.

Tena nishani yenyewe hakuwa nayo! Alikuwa amempa mama yake mkubwa, aliyeitwa Mimi, aliyemlea Liverpool tangu udogoni, naye aliiweka juu ya televisheni yake. Dereva ndiye aliyetumwa kuichukua. Mama mkubwa alisema baadaye kwamba angejua inakokwenda, asingeitoa.

Sasa hicho kitanda. Lennon na Yoko Ono walifunga ndoa Gibraltar tarehe 20 Machi 1969. Walijua waandishi watawaandama fungate nzima, kwa hiyo wakawaita wenyewe chumbani, hoteli ya Hilton, Amsterdam. Waliokuja wakitarajia kuona mambo ya faragha waliwakuta maharusi wamevaa nguo nyeupe za kulalia, wanazungumzia vita. Maigizo? Ndiyo, na hawakuficha kwamba walikuwa wanatangaza amani jinsi wengine wanavyotangaza sabuni.

Lakini mwambie mjomba kitanda kilizaa. Mwezi Mei walirudia mambo yale yale Montreal, Kanada, chumba namba 1742, na tarehe 1 Juni wakarekodi humo humo "Give Peace a Chance", wageni wakiitikia na kupiga makofi. Novemba mwaka huo, mjini Washington, mwimbaji Pete Seeger aliuongoza wimbo huo mbele ya umati mkubwa wa wapinzani wa vita vya Vietnam. Hapo mimi namaliza ubishi.

SWALI: Nimesoma kwamba Lennon alikuwa akipiga wanawake. Mnamwitaje mtu wa amani?

JIBU: Umesoma sawa, dada yangu, na shahidi ni yeye mwenyewe. Mwaka 1980, katika mahojiano marefu na jarida la Playboy, alikiri kwamba ujanani alikuwa akiwapiga wanawake, na wanaume alipigana nao. Alisema ndiyo sababu amani haimtoki mdomoni, kwa kuwa wenye ukali ndani yao ndio wanaoikimbilia. Sina hakika kama hilo ni jibu au ni utetezi. Julian, mtoto wake wa kwanza, naye hakupata kwa baba yake malezi ambayo Sean, mdogo wake, aliyapata.

Katika mahojiano hayo hayo alisema itabidi awe mzee zaidi ndipo aweze kulikabili hadharani jinsi alivyowatendea wanawake. Hiyo ilikuwa Septemba. Oktoba akatimiza miaka 40. Usiku wa tarehe 8 Desemba alipigwa risasi mlangoni pa nyumbani kwake, jengo la Dakota, New York.