Kuapdeti idadi kutoka tebo nyingine: cheki kwanza wenye sifuri

Nyie mnaoanza kazi za databesi, hili mtapewa mapema sana na litaonekana dogo. Mimi nilipewa kwenye mfumo wa saccos moja hivi, tebo mbili tu, wanachama na mikopo, bosi anataka kila mwanachama awe na kolamu inayoonyesha kachukua mikopo mingapi. Nikasema hii dakika tano, nikaandika hivi:

UPDATE wanachama
SET idadi_mikopo =
(SELECT COUNT(*) FROM mikopo
WHERE mwanachama_id = id);

Ikapita bila kulalamika. Nafungua tebo, kila mtu ana mikopo 2! Mpaka mama mmoja aliyejiunga jana yake na hata fomu ya mkopo hajawahi kuiona.

Tatizo ni hilo neno id la mwisho. Mimi nilimaanisha id ya mwanachama, ila tebo ya mikopo nayo ina id yake, na databesi ikikuta jina halina mwenyewe inaanza kulitafuta humohumo kwenye kwiri ya ndani, yaani ile SELECT ya kwenye mabano, ikilipata haihangaiki kutoka nje. Kwahiyo ilikua inahesabu mikopo ambayo namba yake imefanana kwa bahati na namba ya mwanachama, ikapata 2, ikamgawia kila mtu 2. Dawa yake ni kuandika jina la tebo kila sehemu, mikopo.mwanachama_id = wanachama.id, hata kama unaona ni kujichosha.

Alafu kuna wale wa kupenda JOIN. Kwenye MySQL ukiunganisha tebo alafu ukaweka COUNT moja kwa moja kwenye SET itakugomea, lazima uhesabu kwanza kwenye kwiri ndogo yenye GROUP BY, inayokusanya mikopo ya kila mwanachama pamoja, ndo uiunganishe na wanachama. Sawa, inafanya kazi, na hapo ndo wengi wanaumia bila kujua, coz asiye na mkopo hata mmoja hatokei kabisa kwenye ile GROUP BY, kwahiyo apdeti inamruka na anabaki na namba yake ya zamani. Sisi karani aliingiza mkopo kwa mtu siye, ukafutwa kesho yake, yule mzee akaendelea kusoma mkopo 1 wiki nzima na kila nikirusha apdeti haimgusi. Weka LEFT JOIN, inayombakiza kila mwanachama hata asiye na mkopo, na COALESCE igeuze NULL yake (yaani pasipo na kitu) iwe 0. Ile ya kwiri ya ndani haina shida hii, COUNT ikikosa kitu inarudisha 0 yenyewe. SUM ndo haina adabu, inakurudishia NULL. Na ukiweka LEFT JOIN humohumo kwenye kwiri inayohesabu, usihesabu kwa COUNT(*), asiye na mkopo atahesabiwa 1, hesabu kolamu ya mikopo yenyewe.

Wakitaka na idadi ya wadhamini, usiunganishe tebo tatu kwa pamoja ukahesabu. Mtu mwenye mikopo 3 na wadhamini 4 atakutokea ana 12 na 12, coz kila mkopo unazidishwa na kila mdhamini. Hesabu kila tebo kivyake.

Kabla ya kurusha UPDATE yoyote irushe kwanza kama SELECT, tafuta watu watatu unaowajua, mwenye mingi, mwenye mmoja na asiye na kitu. Huyo wa mwisho ndo muhimu, wenzie mara nyingi watakuja sahihi hata kwiri ikiwa mbovu. Alafu anza na START TRANSACTION ili ukiharibu uwe na ROLLBACK ya kurudisha data ilivyokua. Ikiwa nzito angalia indeksi (orodha ya kutafutia haraka) kwenye mwanachama_id, MySQL kwa InnoDB, injini yake ya kuhifadhi tebo, inajitengenezea ukishaweka foreign key, yaani kiungo cha kwenda tebo ya wanachama, PostgreSQL haikuwekei, unaweka mwenyewe.

Lakini muulizeni bosi pia kama kweli anataka namba itunzwe, maana mkopo mpya ukiingia dakika moja baadae ile namba ishakua uongo, utaanza kufukuzana nayo na matriga, yaani kodi zinazojirusha zenyewe data ikibadilika. Mimi kwenye ile saccos mwishoni niliifuta kolamu nikaweka viu, yaani kwiri iliyohifadhiwa inayosomeka kama tebo, inayohesabu palepale mtu anapofungua, na hamna aliyegundua kama kuna kitu kimebadilika, isipokua yule mzee wa mkopo 1, alikuja dirishani kuuliza deni lake limeenda wapi.