Vidonge vya foliki vianze kabla mimba haijajulikana

Katika kazi yangu ya ukunga kwenye zahanati za pembezoni mwa Jiji la Mbeya nimewapokea akina mama wengi waliokuja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano, mara nyingi baada ya palizi ya mahindi kumalizika. Tunawapima na kuwapa vidonge vya madini chuma na foliki (aina ya vitamini B), nao huvimeza kwa uaminifu. Vidonge hivyo husaidia damu, lakini kwa uti wa mgongo wa mtoto huwa vimechelewa.

Yai hurutubishwa ndani ya mrija wa uzazi, kisha hugawanyika huku likisafiri kwenda kwenye mji wa mimba, ambako huanza kujipachika takriban siku ya sita. Wiki ya tatu kiinitete, yaani mtoto akiwa katika hatua za mwanzo kabisa, huwa na matabaka matatu ya seli. Sehemu ya tabaka la juu hunenepa, kingo zake zikanyanyuka na kujikunja kama jani la mgomba linyaukapo juani, hadi zikutane katikati na kushikana; huo ndio mwanzo wa ubongo na uti wa mgongo. Kushikana huko huanzia usawa wa shingo na kuelekea pande zote mbili: mwanya wa kichwani hufunga karibu siku ya 25 tangu yai kurutubishwa, wa chini kufikia siku ya 28, kiinitete kikiwa na urefu wa milimita 4 hivi. Wa chini usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Wa juu usipofunga, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto huyo hawezi kuishi.

Siku hiyo ya 28 huangukia kama wiki mbili tu baada ya hedhi kukosekana, wakati ambao wengi bado wanadhani ni uchovu wa shamba.

Kwa hiyo, dada unayepanga kuzaa, anza foliki mikrogramu 400 kila siku walau mwezi mmoja kabla, uendelee hadi wiki ya 12 ya mimba. Mtajie mfamasia kipimo hicho, kwa sababu viko pia vidonge vya miligramu 5, ambavyo hutolewa kwa ushauri wa daktari. Maharage, mnafu na majani ya maboga yana foliki, ila kuchemsha sana huipunguza, nami nisingeshauri kuyategemea peke yake. Tangu mwaka 2011 kanuni za Tanzania zinawataka wazalishaji wakubwa wa unga kuongeza virutubishi, foliki ikiwemo. Unga tunaosagisha mashineni mtaani kwa kawaida hauongezwi kitu.

Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kuwa miligramu 4 kwa siku zilipunguza kujirudia kwa tatizo kwa asilimia 72. Mama huyo, pamoja na anayetumia dawa za kifafa au mwenye kisukari, asitoe kijiti wala kuacha sindano ya uzazi wa mpango kabla hajaonana na daktari.