Wiki ya Shukrani na Majilio: kazi iishe Jumatano mchana

Msomaji mmoja, aliyechaguliwa karibuni kuongoza jumuiya ya Waswahili katika parokia moja ya Marekani, ametuandikia. Siku ya Shukrani (Thanksgiving ya Wamarekani) na Majilio, yale majuma ya kujiandaa na Noeli, vinamjia kwa pamoja, paroko amemkabidhi vyote viwili, na hajui aanzie wapi. Aanze na kalenda, na ahesabu kurudi nyuma kutoka Jumamosi jioni. Wanaohesabu kutoka Dominika asubuhi ndio wanaoonekana wakikimbizana na mishumaa watu wakiwa wamekwisha kaa.

Siku ya Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Dominika ya kwanza ya Majilio ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 26 na 29. Mwaka 2027 ni 25 na 28. Wiki nzima ya kupumua katikati mtaipata 2028 na 2029, Shukrani itakapoangukia tarehe 23 na 22. Parokia nyingi za huko zina Misa ya Jumamosi jioni, na Misa hiyo ni ya Majilio tayari. Alhamisi na Ijumaa ofisi ya parokia kwa kawaida hufungwa, na wasomaji na watumishi wa altare wengi wamesafiri kwenda kwa ndugu zao. Basi chochote kinachotaka ufunguo, fedha au saini ya paroko kikamilike Jumatano kabla ya saa sita. Zamu za Jumamosi na Dominika zipangwe mapema, na kila anayepangwa aulizwe kwanza: utakuwepo au utasafiri?

Sakristia, chumba cha mavazi ya Misa, nayo ina shughuli, kwani rangi ya mavazi hubadilika. Mwaka vinapokutana hivyo, Kristo Mfalme, Dominika ya mwisho kabla ya Majilio, ni nyeupe. Jumatatu kijani. Tarehe 24 Novemba ni kumbukumbu ya wafiadini wa Vietnam, Andrea Dung-Lac na wenzake, kwa hiyo nyekundu, isipokuwa iangukie Dominika. Alhamisi, kwa Misa ya Shukrani, nyeupe. Ijumaa kijani tena, na Jumamosi jioni zambarau. Mpange kasula, vazi la nje la padre, kwa mfuatano huo kabatini tangu Jumatatu, na utepe wa kitabu cha masomo uhamishwe mapema: Majilio ya 2026 yanafungua mwaka B wa mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, mwaka wa Injili ya Marko.

Misa ya Shukrani si ya amri, ila watu wetu huipenda kwa sababu inafanana na sikukuu ya mavuno nyumbani. Maandamano ya matoleo yaruhusiwe yawe marefu na yenye kucheza. Vyakula vinavyoletwa viwe vikavu: mchele, maharage, unga, mafuta yaliyofungwa vizuri. Viwekwe kwenye meza ya pembeni au chini, kamwe si juu ya altare. Mkate na divai vishikwe na watu wawili mliowachagua, la sivyo vitapotelea katikati ya magunia.

Sasa bata mzinga, kwani hapa ndipo sadaka njema huharibika. Parokia hukusanya bata walioganda, huwagawa Jumatano jioni, na familia iliyofika mwaka huu kutoka kambi ya wakimbizi inabaki na jiwe la barafu la kilo 7. Kila pauni 4 hadi 5, yaani kama kilo 2, inataka saa 24 ndani ya friji ili kuyeyuka. Wa kilo 7 anataka siku tatu hadi nne. Kwa hiyo mgawe Dominika iliyo kabla ya Shukrani, baada ya Misa. Aliyechelewa atumie maji baridi: bata abaki ndani ya mfuko usiovuja, azamishwe, maji yabadilishwe kila nusu saa, na ahesabu nusu saa kwa kila pauni. Kwa bata huyo ni muda wa karibu saa nane, kisha aokwe mara moja. Asiachwe juu ya meza ya jikoni usiku kucha, kwa sababu nyama ya nje huanza kuharibika wakati ya ndani bado ni barafu.

Kuna jambo ambalo wenyeji husahau kumwambia mgeni: ndani ya tumbo la bata mara nyingi kuna kifurushi chenye shingo, firigisi na maini. Kitolewe. Kingine ni kipimajoto. Bata ameiva pale paja, sehemu nene isiyogusa mfupa, likifika nyuzi 74 za Selsiasi, ambazo kwenye vipimo vya huko husomeka 165. Kipimajoto cha bei nafuu na sinia la kuokea viwe ndani ya kikapu pamoja na bata. Na familia iulizwe kwanza kama inamtaka. Mama asiyewahi kutumia oveni anaheshimiwa zaidi akipewa kuku wawili, mchele na mafuta kuliko ndege atakayemtia aibu mbele ya wanawe.

Shada la Majilio likamilike Jumatano: mishumaa mitatu ya zambarau, mmoja wa waridi. Wa kwanza utawaka majuma yote manne, hivyo mkinunua myembamba utaisha kabla ya Noeli. Chagueni mishumaa minene, na matawi yawe mbali na mwali. Kanisa lenye joto la mashine hukausha matawi haraka. Yanyunyiziwe maji kila siku na yabadilishwe katikati ya Majilio. Shada libarikiwe Dominika ya kwanza au mkesha wake. Dominika zinazofuata mshumaa huwashwa tu, bila sala za kuongezea. Lisizuie watu kuona altare wala mimbari.

Wanakwaya, wimbo wa Utukufu kwa Mungu hauimbwi katika Majilio, lakini Aleluya inabaki. Ngoma na kinanda vipigwe kwa kiasi, na nyimbo za Noeli zisubiri. Utukufu hurudi tarehe 8 Desemba, Mkingiwa Dhambi ya Asili, msimamizi wa Marekani, na tarehe 12, Bikira Maria wa Guadalupe. Mwaka 2026 tarehe 12 ni Jumamosi: asubuhi nyeupe na Utukufu, jioni, Misa ya Dominika ya tatu ya Majilio, waridi bila Utukufu.

Kadi za mti wa zawadi, zinazotaja zawadi ambayo mhitaji anaihitaji, zipewe namba, na daftari liandikwe jina na simu ya aliyechukua. Zianze kutolewa siku ya Kristo Mfalme, kabla watu hawajasafiri, na zawadi zirudi Dominika ya tatu ya Majilio. Namba za viatu ziandikwe kwa vipimo vya Marekani: 38 ya mwanamke ni kama 7.5 huko. Padre wa kuungamisha kwa Kiswahili aombwe tangu Oktoba, kwa maana mara nyingi ni mmoja anayegombewa na parokia kadhaa.