Plastiki ya mlango inayonata

Kaka, hiyo plastiki ya mlango wa kigari chako cha milango miwili unayosema inanata kama bigijii bado ni nzima. Kilichooza ni rangi laini ya juu, ya poliyurethani, na joto na unyevu ndio adui zake. Hata Ferrari za miaka ya 1990 zina ugonjwa huu. Usikimbilie kuagiza mpya.

Ichomoe kwa kijiti cha plastiki, bisibisi itaichubua. Loweka kitambaa kwa spiriti ya isopropili, kilaze juu dakika kadhaa, kisha kwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Thina usiguse, hata fundi wa Ngamiani, Tanga, akikuapia: inayeyusha plastiki yenyewe, hii aina iitwayo ABS. Na swichi angalia, maandishi yake huondoka pamoja na hiyo rangi inayonata.

Mara nyingi chini yake unakuta plastiki nyeusi, safi kabisa. Mimi ningeishia hapo. Ikiwa ina mikwaruzo, piga msasa wa maji namba 400 halafu 600, osha kwa sabuni ya vyombo, ikikauka weka praima ya plastiki (rangi ya kwanza ya kushikilia), kisha rangi ya kopo nyeusi isiyong'aa, tabaka tatu nyepesi. Kwa Tanga subiri siku kavu, upulizie kivulini. Mvua ikinyemelea, rangi inaota ukungu mweupe. Ikae siku nzima kabla ya kuirudisha. Kifuniko cha eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) ya abiria usikipake chochote.